Mkono wa Mama Wali

Miaka yote aliyowapikia wanafunzi wa bweni, hakuna aliyewahi kutafuna jiwe kwenye wali wake, ndiyo maana wakambatiza Mama Wali. Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulipona upesi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito, na vikombe vikawa vinamponyoka hovyo. Shule ilimpa likizo ndefu kwa maneno matamu, ila yeye si mtoto. Mkono usiporudi, jiko atapewa mwingine, na Mama Wali bila jiko angekufa kwa kihoro.

Mumewe, dereva mstaafu asiyeishiwa utani, akampeleka kupumzika kando ya mto ambako wageni husafisha mchanga wa dhahabu kwa kujifurahisha. Alidai wakipata ya kutosha atang'oa meno yote aweke ya dhahabu. Mwenyeji wao, mama mmoja mwenye buti za mpira, akawaonyesha: tia mchanga kwenye karai, zungusha majini, acha vyepesi vichukuliwe na maji. Kizito kinachobaki chini ndicho chako.

Mama Wali akafunga kanga, akachuchumaa. Mwanzoni mkono wa kushoto ndio uliofanya kazi, wa kulia ukisindikiza tu. Mumewe akataka kumsaidia, akajizuia. Mkewe ni jeuri, na ni jeuri hiyohiyo iliyomwinua kitandani.

Akazungusha, akamwaga, akazungusha. Taratibu akasahau mto. Alikuwa jikoni kwake, anauosha mchele: mchele unahamia sufuria ya pili pamoja na maji, mawe yanabaki chini. Mwenyeji akainama, akaona vichembe viwili vya manjano vinang'aa kwenye changarawe. Kabla hajafungua kinywa, Mama Wali akapindua kiganja, changarawe yote ikaenda mtoni, kama alivyoyatupa mawe ya mchele maisha yake yote.

Mwenyeji akashika kichwa. "Mama, hiyo uliyotupa ndiyo dhahabu yenyewe."

Mama Wali akalitazama karai tupu. Lilikuwa kwenye mkono wa kulia, peke yake. Wa kushoto ulikuwa umeshika kiuno, kama kawaida yake akiwa kazini. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Baba watoto," akasema, "piga simu shuleni. Waambie jiko langu wasimpe mtu."