Gastroscopy siyo gastrectomy: mkia wa neno uliomzuia bibi kurudi Hombolo

Mbukwenyi wakuu.

Mnisamehe kwanza kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika kwa kidole kimoja, na siku zote humu nasoma tu za wenzangu kimyakimya. Ila hili limenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na hadi leo nacheka peke yangu kama chizi.

Mimi ni binti, nafanya kazi stationery moja huku Chimwaga. Natoa kopi, nabana notes za wanachuo.

Notes za wanafunzi wa udaktari zina maneno marefu kama treni. Siku moja dada mmoja wa chuo alikuja kuchukua kopi zake akakuta midomo yangu inacheza.

"Unasoma?"

"Najaribu tu, dada."

"Usihangaike na mbele. Mengi ni ya Kigiriki hayo, anza na mkia."

Akaniandikia nyuma ya karatasi iliyoharibika. Mwanzo unataja kiungo: gastro ni tumbo, nephro ni figo, cardio ni moyo. Mkia unasema kuna nini. Itis, kiungo kimevimba na kuwaka. Scopy, wanachungulia. Ectomy, wanakata na kuondoa.

Wakuu, nilipagawa. Bosi wangu hashuki kwenye simu, nikamwandikia kwenye daftari langu ugonjwa wa simuitis. Tena yule dada akaniambia hata jina la Kiingereza la kiboko ni Kigiriki, maana yake farasi wa mto. Farasi. Sijui huyo mtu alisimama upande gani wa kiboko.

Sasa nije kwa bibi.

Bibi mzaa mama analima zabibu Hombolo. Kwa miezi tumbo lilikuwa linamwaka, akila matonge mawili anaacha, amekonda hadi unamwogopa. Mama akamleta kwetu Miyuji, akampeleka hospitali, wakarudi na karatasi: gastroscopy, Alhamisi asubuhi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, akaichukua akaisoma.

"Gastro," akasema. "Ndiyo hii aliyofanyiwa yule mzee jirani yenu. Walimkata tumbo, sasa anakula uji kikombe kimoja kama mtoto."

 Bibi akainuka akaanza kukunja kanga zake.

"Narudi kwangu. Nikifa, nife na tumbo langu."

Mama akaanza kulia. Mjomba anasema mwacheni mama arudi kwake, ana haki.

Mimi nilikuwa nachambua mboga. Wakuu, mimi hata kanisani wakisema wageni wasimame naangalia chini, na mimi siyo mgeni. Lakini nilijua bibi akishapanda gari la Hombolo hatarudi tena, na lile tumbo litammaliza.

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Shikamoo mjomba."

"Si umeniamkia asubuhi wewe?"

"Ya yule mzee ilikuwa gastrectomy. Mimi ndiye nilimtolea kopi ya karatasi zake. Hii ni scopy, wanachungulia tu. Wanapitisha mpira mwembamba mdomoni, una kamera. Hakuna kisu."

Mjomba akacheka. "Darasa la saba na Kiingereza cha hospitali."

"Siyo Kiingereza mjomba, ni Kigiriki."

Hapo nikaharibu kabisa. Hata mama aliacha kulia akanitazama kama nimepandisha mashetani.

Nikamgeukia bibi. "Bibi, kula na kuliwa, si yanaanza sawa?"

"Yanaanza sawa."

"Ni kitu kimoja?"

Bibi akasita, kanga mkononi.

"Muulize kuku," akasema.

Halafu akaanza kucheka, akakaa chini, kanga zikamwagika, akamnyooshea mjomba kidole. "Kumbe huyu mwanangu alikuwa ananipeleka kwenye kuliwa."

Alhamisi akaingia mwenyewe, hakushikwa mkono. Wakakuta kidonda tumboni, wakampa dawa. Hakukatwa hata uzi wa gauni. Wiki ya pili sasa anamaliza sahani na kuulizia kilichobaki jikoni.

Nilichojifunza: usikimbie neno kabla hujafika mwisho wake. Na aibu yangu nilikuwa naiita adabu, kumbe ilitaka kuniondolea bibi.

Sasa nina shida. Jana mjomba alikuja stationery na karatasi yake mwenyewe, ameikunja mara nne. Akasubiri wateja waishe.

"Mwanangu," akasema polepole, "hebu nisomee mkia."

Mwanzo wake amenikataza nisiuseme kwa mtu. Mkia ni osis. Wakuu, huo sina kwenye daftari, na yule dada yuko likizo. Nimemwambia mjomba arudi kesho, nitamuuliza mtaalamu ninayemfahamu.

Mtaalamu mwenyewe ndiyo nyinyi. Naomba mniandikie, hata mstari mmoja. Andikeni taratibu, mimi huwa nasoma herufi zote.