Moshi Jikoni kwa Mwalimu Nelius

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Nelius alifundisha darasa la kwanza karibu na Karurumo, na kazi hiyo ilimwachia tabia moja: kutoliamini jibu lililotolewa upesi. Alipostaafu mama huyo alihamia nayo nyumbani, na aliyeonja makali yake zaidi ni Ann, mke wa mwanawe Ireri.

Mwezi wa Juni Ireri alimwita fundi Muchangi ainue paa la jikoni na kuweka silingi, yaani dari ya mbao. Kazi ikaisha, kuta zikapakwa rangi. Wiki iliyofuata, jiko la kuni lililowaka miaka tisa bila kero likaanza kurudisha moshi ndani. Mwalimu akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Ann, kuni hizi umezitoa wapi?"

"Ni zile za mibuni, Mama. Za mwaka jana."

Ann alipokwenda kukama, Mwalimu alizivunja kuni na kuzinusa. Zilikuwa kavu kabisa. Hata hivyo hakutulia. Alijua Ann anatamani jiko la gesi, na kwa siku mbili akawa anamchungulia kila anapowasha moto.

Siku ya tatu alimpigia Muchangi simu.

"Ni upepo wa mlima, mwalimu," fundi akasema papo hapo. "Baridi ikiisha, moshi utapanda wenyewe."

Jibu hilo lilimkaa vibaya. Alitoka nje akalitazama paa. Bomba la moshi lilichomoza juu ya mabati, jipya, linang'aa, na kofia yake juu. Jikoni moto ulikuwa unanguruma, lakini pale kwenye kofia hapakutoka moshi hata kidogo.

"Ann, nishikie ngazi."

"Na hilo goti, Mama?"

"Wewe shika tu."

Mwalimu alipanda, akabandua ubao mmoja wa silingi, akamulika tochi. Bomba la zamani lilikomea hapo hapo juu ya mbao. Lile jipya lilining'inia kwenye mabati, na katikati palikuwa na mwanya wa urefu wa mkono mzima. Boriti iliyokuwa karibu ilikuwa nyeusi, na ukingo wake umeanza kuwa makaa.

Aliteremka polepole. Mjukuu wake hulala chumba cha pili, chini ya paa hilo hilo.

"Nilidhani ni wewe," akamwambia Ann. "Nisamehe."

Ann alichota maji. Aliyamwaga kwenye moto, ukazimika.

Muchangi alifika kabla ya saa sita, akapanda, akakaa huko juu kitambo.

"Paa lilipoinuka bomba likawa fupi. Nilikuwa nilete kipande cha katikati, nikasahau."

"Ulisahau, kisha ukapigilia mbao ukafunika?"

Fundi akaanza kuupima ule mwanya.

Alilipia bomba mwenyewe, la kipande kimoja kutoka jikoni hadi kofiani. Alikata boriti iliyoungua, akaacha nafasi pande zote, akazungushia bati ili joto lisiguse mbao. Mwalimu alikaa kwenye kigoda chini yake tangu mwanzo, akikagua kila skrubu. Moto ulipowashwa, Ann aliita kutoka uani kwamba moshi unapanda vizuri.

"Sasa nifunge silingi?" Muchangi akauliza.

"Hapana. Iache wazi mwezi mzima. Nitakuwa nikichungulia kila asubuhi."

Muchangi akaanza kukusanya vyombo vyake.