Upanga Uliokataa Kutoka

Kwetu sisi Wasikh, au Makalasinga kama Kisumu nzima ilivyotuita, bwana arusi haendi kuoa mikono mitupu. Anavaa kilemba chekundu na kanzu ndefu ya harusi, na kiunoni ananing'iniza upanga. Nyumbani kwetu dada ndiye anayemfunga mkanda. Basi asubuhi ile, mwaka uliofuata jaribio la kuipindua serikali, nilipiga magoti mbele ya kaka yangu mkubwa nikaukaza mkanda hadi akauliza kama nataka kumkata vipande viwili.

Upanga ulikuwa wa babu, aliyekuja nao wakati wa kujenga reli. Wiki nzima Baba alikuwa nao karakanani. Alisema anausafisha, na mlango aliufunga.

Tulitoka upande wa Miwani, kwenye mashamba ya miwa, kwenda gurudwara, hekalu letu la mjini. Kwetu ndoa hufungwa kabla ya adhuhuri, na tulikuwa tumechelewa tayari. Nyamasaria tukakuta kizuizi cha polisi.

"Shukeni wote," akasema afande. Kisha akamwona bwana arusi. "Na hiyo?"

"Ni upanga wa harusi, afande," akasema Baba. "Ni mila yetu."

"Panga ni panga, Mzee. Hamjui serikali imesema nini kuhusu silaha? Leta hapa."

Bwana arusi akinyang'anywa upanga njiani, wakwe watasema wameletewa mwanamume nusu. Lakini hilo halikunitisha kama kaka mwenyewe. Huyu ni mtu aliyewahi kurusha spana ikapasua kioo cha gari la mteja, kosa la mteja likiwa kumwita kijana. Na nyuma ya afande alisimama askari mwenye bunduki, naye alionekana kutuogopa kuliko tulivyomwogopa. Mwenye bunduki na hofu ni mbaya kuliko mwenye bunduki na hasira.

"Afande, tafadhali," Baba akasema, akamkaribia. "Omera, mimi ni mtu wa hapa hapa."

Afande hakutaka kuitwa ndugu, hata kwa Kijaluo. Alimsukuma Baba nyuma kwa rungu, na ncha yake ikakipiga kilemba cha mzee, kikaenda upande.

Kaka akashika mpini. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Akavuta.

Upanga haukutoka.

Akavuta tena, kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemsimama. Bunduki ilikuwa imeshainuliwa, mdomo wake ukitazama maua ya kifuani mwake. Upanga ukakaa ndani ya ala kana kwamba umezaliwa humo.

Afande ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe ni ya kupigia picha! Kalasinga, panga yako imeota kutu!" Askari naye akacheka, akashusha bunduki, na wauza ndizi wa kando ya barabara nao wakacheka hadi wakashikana mabega. "Endeni, endeni mkaoe. Hiyo hata kuku haiwezi kuchinja."

Ndani ya gari kaka alilia kwa aibu. "Umeacha upanga wa babu ukaota kutu," alimwambia Baba. "Wewe, fundi!"

Baba alikuwa akikirekebisha kilemba chake. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilisahau kuupaka mafuta."

Na mimi nilimkasirikia, sifichi. Tuliwahi, ndoa ikafungwa, wakwe wasijue neno. Lakini kaka hakulimeza. Miaka yote iliyofuata, kila palipo na karamu, alisimulia habari ya fundi mkuu aliyeshindwa kutunza chuma cha baba yake, na wazee wa gurudwara wakamtania Baba hadi machozi yakawatoka. Baba alikoroga chai yake tu.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba, alipopata mchumba, kaka na mimi tuliupeleka upanga karakanani ili tuuondoe kutu. Kaka aliubana kwenye jiliwa, akabandua kitambaa kilichozunguka mdomo wa ala. Chini yake palikuwa na pini mbili za shaba, zimepenya ala na chuma pamoja, vichwa vimepigwa tupa vikawa laini kabisa. Kazi ile tuliijua: ni mkono wa Baba.

Akazitoa. Upanga ukatoka kwa kidole kimoja, unang'aa, bila doa.

Kaka aliinusa ncha, akakaa chini sakafuni.

"Aliupaka mafuta," akasema. "Dada, mzee aliupaka mafuta." Akalia, nami nikalia.

Nje tulimsikia kitinda mimba akimfokea dereva aliyeleta viti, sauti imepanda, anamwuliza anafikiri anaongea na nani. Kaka alisikiliza. Akafuta uso kwa kilemba, akaurudisha upanga ndani ya ala, akaninyooshea mkono.

"Nipe zile pini."