Kiegemeo cha Mshale na Tangi la Ami Msellem

Mimi sijawahi kukosa shabaha. Waulizeni watu wa mtaa wa Ansab, hapa Muscat. Wakicheka msiwajali, ndiyo hulka yao.

Mwaka 2003 nilitoboa tangi la maji la Ami Msellem kwa mshale. Mara mbili. Na badala ya kufukuzwa, nikakatiwa halwa.

Kaeni vizuri.

Ami Msellem kazaliwa Tabora. Kila mwaka yeye na wazee wenzake wawili huenda bara kuwinda, na vibali vyao kamili, na wakirudi Muscat hatupumui. Nyati aliyekuwa mkubwa kama basi mwaka jana, mwaka huu ni basi lenye keria.

Sisi wenye asili ya Unguja tukifungua mdomo tu, anatukata. "Nyie mnyama mkubwa mliyemuona ni punda wa mkokoteni."

Mimi hata huyo punda sikumuona. Nimezaliwa hapa, nimekulia Al Khoudh. Afrika naijua kwa hadithi za mama. Kwa hiyo niliposikia gari la wawindaji limebaki na nafasi moja, nikaanza kulala na nafasi ile kichwani.

Tulioitaka tulikuwa wawili. Mimi na Saeed, mtoto wa kaka yake Ami, kijana ambaye akisema maneno matatu kwa mkupuo anaomba maji.

Ijumaa moja, baada ya Alasiri, tukaitwa. Ami katoa upinde wa kisasa, una vigurudumu juu na chini, kaletewa na mwanawe anayesoma Marekani. Pembeni, kwenye sinia moja na halwa, kuna vidude vitatu.

"Hivi viegemeo," akasema. "Mshale unakaa hapa kabla haujaruka. Upinde unataka kimoja tu, na mimi sijui kipi. Nani anajua? Nnataka wa kwenda naye awe mtu wa kazi."

"Mimi sijui, ami," Saeed akasema.

Maskini. Kajitoa mwenyewe.

"Mimi najua," nikasema.

Walahi nilikuwa sijashika hata manati.

Nikavitazama. Kimoja kina pembe mbili kama uma. Cha pili ni kijiti chenye springi, kinashikilia mshale halafu ukiachia kamba kinaanguka. Cha tatu ni pete yenye nywele ngumu ndani, kama brashi ya kusafishia chupa, na mshale unapita katikati.

Nikakichukua cha brashi. Nikakinusa.

Kwa nini nilikinusa, mpaka leo sijui. Lakini nilipomuona Ami naye anakinusa, nikajua usukani nnao mimi.

"Hiki cha uma hakifai," nikasema. "Ukipiga chafya mshale uko chini."

"Ehe."

"Hiki cha kuanguka ndiyo kabisa. Ami, kitu kinachoanguka wakati wa kazi, utasimama nacho mbele ya nyati?"

Ami akatikisa kichwa. Nyati kamgusa moyo.

"Lakini hiki cha brashi, mshale unapita unasuguliwa. Unatoka twahara. Nyama haina shaka."

"Mashallah," Ami akasema. "Kumbe waliokitengeneza wamefikiria."

Nikapewa bisibisi nikifunge. Nikakikaza juu kabisa, maana kitu cha heshima hakikai chini.

Tukatoka uani. Boksi la televisheni limejazwa mazulia mabovu, limeegemezwa ukuta wa nyumba. Saeed kachora swala juu yake. Swala mwenyewe kafanana zaidi na sofa.

"Yallah, Hatem," Ami akaniambia. "Tuoneshe."

Nikavuta kamba. Nikaachia.

Mshale ukapita juu ya sofa, ukapita juu ya dirisha, ukaenda mpaka kwenye paa. Pwaa. Maji yakaanza kuteremka ukutani.

"Umekosa," Saeed akasema.

"Nimekosa nini? Nimelenga tangi."

Ami akanigeukia taratibu. "Tangi langu?"

"Ami, swala wa boksi hakimbii, hata mtoto anampiga. Nimeona njiwa katua pale, nikasema nipige alipokaa, mwenyewe nisimguse. Umeona damu?"

Ami akaangalia. Kweli damu hakuna. Njiwa pia hakuna, lakini hilo hakuliuliza.

"Rudia," akasema.

Hapo kimenuka. Safari hii nikamlenga yule swala kwa roho yangu yote, angalau nimguse mguu.

Pwaa. Tangini. Shubiri moja tu kutoka tundu la kwanza.

Nyinyi nawaambia ukweli ambao niliujua baadaye. Kiegemeo nilikiweka juu mno, pua ya mshale ikawa inatazama mbinguni. Upinde ule hata angeushika bibi yangu, mishale yote ingeenda kwenye tangi.

Ami hakulijua hilo. Akanikumbatia na maji yanatumwagikia.

"Tabora nzima sikuona jicho kama hili," akasema. "Nafasi yako, mwanangu. Kaa barazani ule halwa. Na umpe Saeed nasaha."

Nikakaa barazani, nikakunja miguu, halwa mkononi.

"Saeed, siri ni jicho," nikamwambia. "Likishika shabaha, lisibanduke. Mimi hata kope sipepesi."

Mlango ukafunguliwa. Bi Kheiria, mkewe Ami, kasimama na beseni la nguo. Kalowa kuanzia ushungi mpaka ndara.

"Nilikuwa juu ya paa naanua nguo," akasema. "Mshale wa kwanza ulipoingia tangini nikalala kifudifudi. Wa pili nikachungulia nione nani anataka kuniua."

Nikairudisha halwa siniani.

"Huyu mtoto alifumba macho yote mawili, Msellem. Na midomo inakwenda. Alikuwa anapiga shahada." Akanigeukia. "Hebu nambie, mwanangu. Aliyekuwa anakufa nani, wewe au mimi?"

Ami akaivuta sinia ya halwa taratibu, ikateleza mbele yangu, ikasimama kwa mwenzangu.

"Saeed, pasipoti yako ina muda?"

"Ina muda, ami."

Funzo: kabla hujadanganya mtu, tazama kwanza nani anaanua nguo.