Taa za Dashibodi za Kipanya cha Baba

Fundi yule nilimwita mwizi mara tatu, mbele za watu, na wala sikujali nani anasikia. Ana banda lake la umeme wa magari pale soko la Mwanga, nyuma ya wauza mbao. Mimi nauza dagaa hapo hapo sokoni, kwa hiyo matusi yangu yaliwafikia watu wengi wanaonifahamu.

Kisa kilikuwa taa za dashibodi. Baba alikuwa akiendesha kipanya chetu, gari la abiria la zamani lililokuja nchini likiwa limeshachoka, tukalichosha tena. Kila alfajiri aliwapitia wachuuzi Ujiji, wanawake kumi na wawili na mabeseni yao, akawapeleka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki, kununua dagaa na migebuka, kisha akawaleta sokoni. Mimi nakaa Gungu. Nilikuwa nakuja na bodaboda, nalikuta gari limeshafika na jua limeshawaka. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini sikuona kitu.

"Taa za dashibodi haziwaki," baba aliniambia siku moja, kwa ukali, kana kwamba nilizizima mimi. "Mshale wa mafuta siuoni, spidi siioni. Unataka nizimikiwe mlimani na mizigo ya watu?"

Nililipeleka mwenyewe kwa fundi na nikamsimamia, maana mafundi umeme siwaamini. Anaingia kutafuta waya mmoja, anatoka amekata mitano. Huyu, niseme haki yake, alianza vizuri. Alichomoa fyuzi, akaipandisha kwenye mwanga, nzima. Akanituma nyuma kuangalia taa nyekundu, zikawa zinawaka. Akanieleza kwamba kwenye gari hili taa hizo na za dashibodi zinakula fyuzi moja, kwa hiyo moto wa umeme unafika. Akazungusha kile kitufe cha kupunguza na kuongeza mwanga, kimya. Ndipo akafungua dashibodi yote, akauona waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, umeliwa na kutu mpaka umebaki uzi. Maji ya samaki hayo, kwa sababu mmoja wa wachuuzi, mama anayekaa mbele na baba, huliweka beseni lake miguuni. Fundi akaukata, akakwangua chuma, akaukaza upya, na balbu mbili zilizoungua akazibadilisha. Jua lilikuwa linachoma kioo. Akaziba kwa viganja, akachungulia, akasema zimewaka. Na mimi nikachungulia, nikaona kama mwanga. Tukaondoka.

Kesho yake baba akasema bado.

Nikarudi nimefura, safari hii na baba mwenyewe. Fundi akabadilisha balbu zote. Baba akasema bado. Safari ya tatu akaweka balbu kali zaidi, nyeupe, ambazo hata mchana niliziona kwa mbali. Bado. Kilichonitia wazimu ni kwamba fundi hakubisha hata siku moja. Mtu mwenye kazi safi hutetea kazi yake. Huyu alikuwa anaangalia chini na kusema, "Sawa Mzee, tutaangalia tena." Zamani aliwahi kuwa utingo wa baba kwenye malori ya Kasulu, na baba ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Mimi nikaona hiyo ndiyo inamfanya atuibie vizuri zaidi.

Safari ya nne nilikwenda na turubai langu, lile la kufunikia dagaa mvua ikija. Ilikuwa saa tano asubuhi. Yule mama wa mbele alikuwa bado ndani ya gari, anasubiri kurudishwa Ujiji, nikamshusha. Nikamwambia fundi: leo giza tutalitengeneza wenyewe, tuone nani mwongo. Tukafunika kioo cha mbele na milango yote. Baba akakaa kwenye usukani, mimi pembeni yake, fundi akajikunja katikati yetu. Turubai lilikuwa linanuka.

"Washa," nikasema.

Dashibodi ikawaka yote. Nilisoma namba za spidi moja moja. Nikaona mshale wa mafuta umepita robo kidogo, nikaona mbu aliyefia ndani ya kioo mwaka gani sijui. Mwanga ulimpiga baba kidevuni, mvi zake za ndevu zikaonekana. Nikamgeukia nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Bado," baba akasema.

Fundi akanitazama. Mara zote alikuwa ananikwepa, safari hii akanitazama machoni, mtu mzima mwenye watoto wanne, anaomba nisiseme neno. "Sawa Mzee," akasema. "Tutaangalia tena."

Nikatoka nje. Yule mama alikuwa amesimama kando na upindo wa khanga mdomoni. Akanivuta mpaka kwenye gurudumu la nyuma.

"Mwanangu, mwache fundi. Taa zinawaka siku nyingi."

"Unajua?"

"Ego, ndiyo. Tunajua wote. Tunamsomea njia."

Akanieleza kwa sauti ya chini, na kila neno lilinichoma. Yeye aliyekaa mbele kazi yake ilikuwa kupiga soga. Mzee, hivi hizi kokoto za pale kwenye kona wataziondoa lini? Mzee, mwone huyu wa baiskeli ya mihogo anavyokaa katikati ya barabara. Baba anasogea, anajibu, anaendelea. Wa nyuma wanaangalia upande wa kushoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba haoni, na yeye hakuwahi kusema kwamba anasomewa. Walianza kabla ya mvua.

"Na mkapanda?" nikamwuliza. "Kumi na wawili, mna watoto nyumbani, mkapanda?"

"Mtu mzima utamwambiaje? Na nani mwingine atatupitia mlangoni, mvua inanyesha, na mabeseni yanavuja?"

Heshima! Nikawaza watoto wanaokwenda shule pembeni ya barabara ile ile, gizagiza, na heshima inawajia na magurudumu manne. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kingekuwa cha mama wa mtu asiyehusika. Nilimkasirikia yule mama, nikamkasirikia fundi aliyefungua dashibodi nzima mara nne badala ya kufungua mdomo, nikamkasirikia baba kuliko wote. Hasira hasara, nimeambiwa tangu utotoni. Nikalivuta turubai, jua likajaa ndani, nikapaza sauti mpaka wauza mbao wakaacha misumeno.

"Baba, taa zinawaka! Ni macho yako ndiyo yamekufa!"

Nilijiweka tayari anirudishie. Baba yangu hajawahi kutukanwa akabaki na deni. Lakini alichomoa ufunguo, akaunyosha hewani kuutafuta mkono wangu, akaukosa. Yule mama ndiye aliyemshika kiwiko akauelekeza. Kisha akashuka, akapita mbele ya gari huku kiganja kikipapasa boneti, akaufikia mlango wa abiria, akaingia, akaufunga taratibu.

Kuhusu ufunguo sijutii, na leo ningeuchukua tena. Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na tundu dogo la kuonea, na kilichopotea hakirudi. Daktari akaniuliza kwa nini tulichelewa hivyo.

Wachuuzi sasa wanabebwa na dereva tuliyemtafuta, anajua kazi. Baba anashinda barazani Ujiji. Kumwomba radhi nimeshindwa. Kila nikifika na maneno yangu nimeyapanga, namkuta mpole, na upole wake unaniudhi hata sijui pa kuanzia. Nampelekea chai iliyopoa makusudi, ananywa na kushukuru. Wiki iliyopita nikamwambia kwamba dereva ameukwangua mlango wa gari kwenye ukuta, mkwaruzo wenye urefu wa mkono mzima. Haikuwa kweli. Nilitaka tu anifokee, aniite mzembe, mtaa mzima usikie kama zamani.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye unayeona."