Biti ya Hospitali

Mimi si mtu wa kulia, na siku ile sikulia. Nilikuwa naandika programu katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya shaba, Lubumbashi, enzi za Zaire. Kila mfanyakazi na kila mstaafu alikuwa na mfuatano wake wa herufi kwenye diski, na ndani ya herufi moja mlikuwa na biti nane, yaani swichi ndogo za moja au sifuri: nyumba, unga, shule ya watoto, na kadhalika. Biti ya tatu ilikuwa hospitali. Ikiwa moja, unapokelewa. Ikiwa sifuri, unarudi nyumbani.

Amri ikaja kwamba wastaafu wote wazimiwe biti ya tatu. Baba yangu alikuwa mstaafu. Mgodi ulimwachia kifua kibovu, na kila Jumanne alitoka kwetu, mtaa wa Kenya hapo hapo mjini, kwenda kuchomwa sindano. Niliyajua hayo nilipoketi kuandika, na niliandika vizuri tu.

Nilitumia hesabu iitwayo OU exclusif, ile inayogeuza biti: moja huwa sifuri, sifuri huwa moja. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Mwendeshaji akaanza upya, na wale waliokwisha kuzimwa wakawashwa tena. Baba alikuwa miongoni mwao. Wiki tatu alipata sindano zake, nami nikanyamaza.

Hospitali ikalalamika kwamba baadhi ya wastaafu bado wanapita. Mkuu wangu, mtu mpole, aliniuliza kwa nini sikutumia ET, ile inayozima bila kugeuza. Alikuwa na haki. ET na sifuri, hata ukiirudia mara mia, jibu ni sifuri. Nikabadilisha mstari mmoja. Ningeweza kuongeza mwingine wa kumruka baba, kazi ya dakika tano. Nasema wazi, niliogopa kufukuzwa. Nikaenda kula mkate, nikarudi, nikaiendesha.

Jumanne baba alirudi mapema, kadi mkononi. Alimwambia mama kwamba amekataliwa mlangoni, ila asihangaike. Kisha akanigeukia akicheka, mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Mashini njo ilikosea," akamwambia mama, akinionyesha kwa kidole. "Haina mambo. Mutoto yetu iko anatumika kazi mule, ataitengeneza."

Nilimjibu kwamba nitaangalia kesho. Akanishukuru. Ule mstari wa dakika tano sikuuandika. Jumanne iliyofuata alivaa koti lake, akaenda tena.