Baba wa Msimu wa Tisa

Mama yangu mdogo alipenda misimu mibovu ya tamthilia. Ile mizuri, ambayo kibanda kizima kiliisifu, aliiangalia kwa adabu tu, kama mtu anayekula kwa jirani.

Kibanda chetu cha filamu kilikuwa kwenye mteremko wa Mengo, nyuma ya duka la fundi cherehani. Kila Jumapili, watu walipotoka ibadani, Wakongomani wa mtaa wetu walibanana kwenye mabenchi kuangalia tamthilia moja ndefu, ya baba na binti zake wawili wanaofukuza mizimu katika mji usiokauka mvua. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini sisi hatukuisikia hivyo. Vibanda vingine vya Kampala vina mfasiri wa Kiganda; cha kwetu kilikuwa na wetu wa Kiswahili, mwanamume mwembamba kutoka Uvira. Hapa mjini kazi yake inaitwa vijei. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, akazipunguza sauti za waigizaji, akasema yote mwenyewe: baba, binti, mzimu, hata mbwa. Hadithi ilipokuwa nzuri alisema kidogo. Ilipolegea, aliongeza. Ukitaka kujua ubora wa kipindi, ulitazama tu shati la mfasiri limelowa jasho kiasi gani.

Misimu minne ya kwanza hapakuwa na ubishi. Katika wa tano, baba aliingia kwenye nyumba inayoungua kumtoa binti yake mdogo, na nyumba ikamwangukia. Watu walilia. Halafu msimu wa sita ukaanza, na katika kipindi cha pili tu, yule baba akaonekana jikoni, mzima, anakaanga mayai.

"Hapana!" Afande alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa polisi mwenye asili ya kaskazini ya Uganda, Kiswahili chake cha kambini, na hakukosa Jumapili hata moja. "Hii watu wameishiwa maneno! Mtu amekufa, sasa anakaanga mayai? Ametoka wapi? Wacheni mchezo!"

"Afande," mama mdogo akasema kutoka benchi la nyuma, "uliona banamuzika?"

"Nyumba ilimwangukia, Mama! Yote!"

"Nakuuliza kaburi. Uliona kaburi?"

Afande akafikiri. "Kaburi sikuona."

"Basi nyamaza. Mutu akule mayai yake."

Kibanda kilicheka hadi fundi cherehani akaja kuchungulia. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anachotetea. Kule kwetu, vita vilipokaribia, mume wake alitoka asubuhi kumfuata dada yake kijiji cha pili, na hakurudi. Hakuna aliyemwona akianguka. Hakuna aliyemwona akivuka mpaka. Na kwetu matanga hayawekwi bila mwili, isipokuwa mke mwenyewe atoe neno. Mwili haukuwapo. Neno lilikuwa la mama mdogo, naye alikuwa hajalitoa.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa yule aliyepotea, alikuwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa mzee, kifua kimechoka. Alipiga simu mara kwa mara na ombi lake halikubadilika: "Niruhusu nimlilie mdogo wangu, na mimi nisije nikaenda nikiwa na deni la machozi."

"Bado, shemeji," alijibu mama mdogo, kila mara akiwa amekaa akiutazama mlango. "Bado kidogo."

Basi tukaendelea. Msimu wa saba, wa nane. Baba anakufa, baba anarudi, mara kwa dawa, mara kwa ndoto, mara moja ndani ya mwili wa mwalimu wa shule. Ubishi ukawa mtamu kuliko tamthilia. Kulikuwa na waliosema msimu wa saba unasameheka kwa sababu ya binti mkubwa, na waliosema msimu wa nane ungechomwa moto pamoja na aliyeuandika. Wakati huo nilikuwa nimeanza riwaya yangu ya kwanza, nakutana na wenzangu kusomeana miswada, na tulikuwa na maneno mazuri kwa mambo hayo: kifo kisichogharimu kitu huifanya hadithi kuwa nyepesi. Niliyaamini. Bado nayaamini. Lakini kwenye benchi lile, bega langu likiwa kwenye bega lake, niliyavua kama viatu.

Msimu wa tisa ndio uliokuwa wa mwisho, na ulikuwa mbovu kwa namna mpya. Katika kipindi cha kwanza, baba anawaambia binti zake anakwenda kumwona rafiki mgonjwa. Anavaa koti, anatoka. Basi. Kipindi cha pili hayupo, na hakuna anayemtaja. Cha tatu, vilevile. Afande alisoma kwenye simu yake kwamba mwigizaji alikosana na wenye tamthilia akaondoka, na waandishi hawakujisumbua kutunga hata sentensi moja.

"Hata simu hawampigii?" watu waliuliza. "Banange! Mabinti wa aina gani hawa?"

Walikasirika kuliko walivyokasirikia mayai. Mama mdogo hakuwalaumu mabinti. Lakini kila gari liliposimama ndani ya filamu, alinyoosha shingo.

Ikafika Jumapili ya kipindi cha mwisho kabisa. Mfasiri alikuwa ameshakiangalia, kama ilivyo desturi ya kazi yake, ili ajue mapema pa kuongeza. Kabla ya kuanza alitutazama, akamtafuta mama mdogo kwa macho, akakohoa. Karibu na mwisho binti wawili wako ndani ya gari, mvua inanyesha. Yule mkubwa akasema maneno machache. Mfasiri akashusha sauti.

"Dada yangu, baba hatarudi. Tulimungojea sana. Mutu akingojewa bila kuliliwa, anabaki njiani. Tumulilie sasa."

Mdomo wa binti ulikuwa umefungwa zamani, na mfasiri bado anasema. Mtu akavuta kamasi. Ndipo Afande, ambaye alijua Kiingereza na hakuweza kujizuia, akaruka.

"Wee! Hakusema hivyo! Amesema mafuta inaisha, wapite petroli!"

"Afande, kaa chini!"

"Nasema ukweli! Mafuta ya gari!"

Ghasia ikazuka. Wengine walisema mfasiri ametuibia, wengine wakasema hakuna kipindi kizuri kama hiki tangu msimu wa nne, na kwamba kama mafuta ndiyo yote waandishi waliyokuwa nayo, heri ya mfasiri. Walitoka nje wakibishana hivyohivyo.

Mama mdogo alingoja hadi televisheni ikazimwa. Akaenda mbele. Mfasiri alikuwa anakunja waya wa maikrofoni.

"Papa, ni kweli hawakusema?"

Aliendelea kukunja. "Mama, hawakusema kitu. Tangu aondoke hawajamtaja. Niliona ni vibaya."

"Uliona ni vibaya."

"Mutu hawezi kwenda vile, Mama. Bila neno."

"Anaenda," mama mdogo akasema. "Ni vile banaendaka."

Hakukasirika. Alimshukuru, akamwambia maneno yake yalikuwa mazuri. Nje, Afande alikuwa anamsubiri. "Mama, unisamehe. Mimi mdomo yangu..." Mama mdogo akamgusa mkono tu, akapita.

Nimewaza sana juu ya msimu ule. Ulikuwa mbovu, hakuna wa kuutetea. Lakini ile misimu ya kurudi, ambayo mama mdogo aliipenda, haikuwahi kumwambia jambo alilolijua. Huu ulimwambia: mtu anavaa koti, anatoka, na wiki inayofuata wengine wanaongea juu ya mafuta ya gari.

Tulipokuwa tunapanda mteremko alisimama juani, akapiga simu Nakivale. "Shemeji," akasema, "wekeni matanga. Nami nitaweka huku." Upande wa pili nikasikia mzee analia, kilio kidogo kilichofanana na kikohozi.

Nyumbani tulitoa viti vyote nje, tukatandika mikeka ndani. Watu wa kibanda walikuja. Afande alikuja bila sare, na mkungu wa matoke kutoka soko la Kalerwe begani. Mfasiri alikaa na wanaume kwenye jiko la mkaa, asiseme neno la mtu yeyote. Wanawake waliingia ndani wakasimama, wakitazamana. Hapakuwa na jeneza, hapakuwa na hata picha, na hawakujua wakae wakielekea wapi.

Mama mdogo aliwapita, akachagua mkeka wa katikati. Akaketi, akaupa mlango mgongo.